Naomba ushauri: mbwa wangu akiona mbwa mwenzake hanisikii tena

Habari zenu wakuu. Nina mbwa jike, bado mdogo, namfundisha kwa zawadi tu, fimbo sitaki. Nyumbani hana shida: nikisema "kaa" anakaa hata kabla sijatoa kipande cha nyama mfukoni. Kasheshe ni njiani. Akimwona mbwa mwingine masikio yanasimama, kamba inakaza, anabweka kama kachanganyikiwa, na nyama ileile nikimwekea puani haigusi.

Najua inabidi nianzie mbali, pale anapomwona mwenzake lakini bado ametulia, nimpe zawadi hapohapo. Sawa, ila mbwa wengine wanachomoza kwenye kona ghafla! Mnafanyaje hapo? Nigeuke naye tuondoke, au nisimame nimpitishe? Jirani ananisukuma nimfunge mnyororo wa kukaba shingo. Huo hapana.