Familia Chumbageni 🏠: Zuhura kaingia kwa mzee wa sushi

Zuhura (Tokyo): Assalam aleikum nyote. Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Mnalikumbuka lile duka la sushi mtaani kwangu Yanaka, lenye pazia la buluu mlangoni, ambalo kila siku napita nachungulia tu? Leo jioni nimeingia

Mama: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu. Ndo wale wa samaki mbichi?

Zuhura (Tokyo): Ndo hao mama. Kanipeleka yule bibi wa ghorofa ya chini, maana mie peke yangu miaka miwili naogopa, ukutani wametundika vibao vya mbao vya majina ya samaki tu, bei hakuna, vingine vimeandikwa "jika" yaani bei ya siku

Mjomba Saidi: Marahaba mpwa wangu. Iyo si ndo kwetu Sahare, kwa wavuvi? Bei utaijua mashua zikishafika

Zuhura (Tokyo): Kabisa mjomba. Nilikukumbuka wewe mwanzo mpaka mwisho

Hamza: Dada si ungeenda zile sahani zinazopita kwenye mkanda, tumeziona tiktok

Zuhura (Tokyo): Zile naenda sana Hamza, ni rahisi na bei zimeandikwa, zilianza Osaka 1958. Ila hapa ni kitu kingine. Viti nane tu mbele ya kaunta ya mbao, mzee yuko upande wa pili anakutazama unavyokula, baba yake ndo alifungua. Zamani alikuwa anakwenda Tsukiji alfajiri kila siku, soko likahamishiwa Toyosu 2018, basi na yeye siku hizi anakwenda huko huko

Shangazi Mwanaidi: Sasa mtu mwenyewe anafanya nini hapo kama samaki hapiki? Anakata tu?

Zuhura (Tokyo): Shangazi ndo hapo nilipokuwa nimekosea miaka yote. Nilidhani ni kukata mbichi na kuweka juu ya wali basi. Kumbe kazi imefanyika tokea jana. Kuna kisamaki kidogo kinang'aa kama fedha kinaitwa kohada, kanionyesha, anakipasua anakifungua bapa anatoa miiba, anakitia chumvi, na dakika za chumvi anazipima kwa unene na mafuta ya samaki mwenyewe, anakiosha, anakitia kwenye siki, kisha anakilaza. Sushi hizi za kukandwa mkononi zilianza Edo, ndo Tokyo ya zamani, miaka ya 1820 hivi, zikiuzwa kwenye vibanda barabarani na barafu hakuna, kwaiyo samaki ilibidi atiwe chumvi au siki au achemshwe, na jodari walimlaza kwenye mchuzi wa soya

Mjomba Saidi: Basi hao ni watu wa ng'onda kama sie. Unapasua unatia chumvi. Sie tunamaliza na jua wao wanamaliza na siki

Zuhura (Tokyo): Mjomba umesema vizuri kuliko nilivyojaribu kumwambia mzee kwa kijapani changu 😭 nilimwambia mjomba wangu mvuvi, akaweka kisu chini akauliza mnavua nini, nikamtajia jodari, nguru, pweza, ngisi. Kwenye pweza akacheka kwa furaha, akanikatia mmoja pale pale

Mama: Na minyoo Zuhura? Usinifiche

Zuhura (Tokyo): Minyoo ipo mama, na siki haiiui. Wizara yao ya afya inasema samaki agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, au apikwe vizuri. Jodari wa bahari za mbali wanagandishwa huko huko melini, nyuzi 60 chini ya sifuri. Na mzee kila kipande anakiinua kwenye taa anakikagua kabla hajashika wali

Mama: Haya. Na pombe?

Zuhura (Tokyo): Niliuliza kabla sijakaa, bibi akanisaidia kueleza. Mzee akasema mkunga achana nae, mchuzi wake una sake na mirini, zote pombe za mchele, na yai la kukaanga nalo lina mirini. Akaniondolea vyote viwili na hakununa, akanipa kamba wa kuchemsha na kibua badala yake

Mama: Mungu ambariki. Mtu mzima huyo

Shangazi Mwanaidi: Na ule wali wa siki unalikaje jamani

Zuhura (Tokyo): Shangazi wali ni wa vuguvugu, joto la mkono wako. Anachovya vidole kwenye maji yenye siki ili usigande, anachukua tonge, anapaka wasabi kidogo kwenye samaki, anaugeuza mara mbili tatu, tayari. Ukiushika haumwagiki, ukifika mdomoni unaachia punje punje. Na unakula kwa MKONO, mie nilikuwa nahangaika na vijiti mzee akanionyesha vidole vyake, kula hivi. Nikajihisi niko nyumbani. Ila usiuache unasubiri, ukiwekewa kula

Hamza: Wasabi si ile inayowasha mpaka puani

Zuhura (Tokyo): Ndo iyo, ila hii ni mzizi wenyewe, anausaga kwenye kibao kilichobandikwa ngozi ya papa, unawasha kidogo unaondoka na harufu yake nzuri

Mjomba Saidi: Ngozi ya papa ni msasa tosha. Wanajua hao

Mjomba Saidi: Kesho unarudi?

Zuhura (Tokyo): Kesho Jumapili mjomba, soko limefungwa na mzee anafunga. Na mfuko hauruhusu, usiku ni ghali, nitaenda mchana mwezi ujao wana sahani ya bei nafuu

Mjomba Saidi: Nitumie picha ya icho kisamaki kwa karibu. Naona kama ni ndugu yake dagaa papa. Nataka nijaribu iyo chumvi na siki

Zuhura (Tokyo): 📷 Picha

Zuhura (Tokyo): Ugandishe kwanza mjomba tafadhali, siku nzima, na friza iwe ya baridi kali kweli

Mama: Saidi friza yangu ina nyama ya Jumatatu. Kaulize kwa Mwanaidi

Shangazi Mwanaidi: Lete tu kaka. Siki ninayo