Kitanda cha chini "cha Kijapani" kwa chumba na sebule: ninunue au picha zinanidanganya?

Segerea_Mpya

Wakuu habari za jioni. Mwezi ujao nahamia Segerea, chumba na sebule, kodi ya miezi 6 nimeshalipa. Chumba cha kulala ni futi 10 kwa 12, nimekipima mwenyewe kwa futikamba. Kuna jamaa anauza samani mtandaoni, ana kitanda cha chini kabisa anachokiita cha Kijapani, 5 kwa 6, laki sita na nusu bila godoro. Hakina miguu, chini kimezibwa na MDF (zile mbao za unga uliogandamizwa) moja kwa moja mpaka sakafuni. Anasema Wajapani wote ndivyo wanavyolala, na kwamba ukikiweka na meza fupi na ua moja kwenye chungu, chumba kinaonekana kikubwa mara mbili.

Mchumba wangu amekipenda mno. Mimi roho inasita. Laki sita na nusu kwa kitu ambacho hata miguu hakina? Aliyewahi kuishi Japani aniambie: ni kweli watu wa huko ndivyo wanavyonunua vitu vya ndani siku hizi? Na kwa joto letu hili kinafaa?

Mzee wa Kirikuu

Kijana, sisi tulilala chini Manzese miaka mingi, saba chumba kimoja, na hakuna aliyetuita Wajapani. Nunua kitanda chenye miguu, uvunguni uweke masanduku na ndoo ya mchele.

Mama Tatu wa Kimara

Mdogo wangu, pole na hongera kwa kuhama. Mimi nilikaa Koshigaya, mkoa wa Saitama, kaskazini ya Tokyo, kuanzia 2014 mpaka 2017, nilikwenda kusoma. Nitakueleza nilichokiona, halafu nitakueleza nilivyoharibu godoro langu mwenyewe hapa Kimara, maana hilo ndilo litakalokufaa zaidi.

Chumba changu kilikuwa cha tatami 6. Wenzetu hupima chumba kwa mikeka. Tatami moja ya upande wa Tokyo ni kama sentimita 88 kwa 176. Ukienda Kyoto ni kubwa kidogo, 95 na nusu kwa 191. Kwa hiyo sita za Tokyo ni mita za mraba 9 na kitu. Chako cha futi 10 kwa 12 ni 11. Umenielewa? Wewe una chumba kikubwa kuliko nilichokuwa nacho mimi Japani, na tayari unatafuta dawa ya kukikuza.

Kitanda sikuwa nacho. Nililala kwenye futon, godoro jembamba ambalo asubuhi unalikunja na kulisukumia kwenye kabati la ukutani, kubwa kiasi cha mtu mzima kujificha. Ukishalifungia humo, chumba cha kulala kimekuwa sebule na chumba cha kusomea. Ule utupu unaouona kwenye picha, dada zangu wakauita utulivu wa nafsi, kwangu ulikuwa kazi ya kila siku saa 12 asubuhi, na mgongo unauma. Siku ukivivia, chumba kizima ni kitanda.

Sasa sikia kichekesho. Majirani zangu vijana walikuwa wanakikimbia hicho hicho unachokifuata wewe. Fleti mpya nyingi hazina tatami hata moja, ni sakafu ya mbao tupu, na waliohamia wananunua vitanda vya miguu vyenye droo chini. Kumamoto, ambako ndiko yanakotoka karibu majani yote ya tatami yanayolimwa Japani, wakulima wanazidi kupungua. Ni kama ukindu wetu tu: kila mtu anausifu mkeka wa ukili, akienda dukani anabeba wa plastiki. Jirani yangu wa mkono wa kulia alinunua sofa ya watu wawili, akaipenda kweli, na kila jioni nikipita namwona ameketi chini ameiegemea mgongo. Sofa ikawa mto. Alikuwa sahihi, maana wakati wa baridi miguu yote iko chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye hita na blanketi, na ukipanda kwenye sofa unaganda.

Kuhusu wanakonunua. Duka lililokuwa mdomoni mwa kila mtu ni Nitori, lilianzia Sapporo mwaka 1967. Tangazo lao linasema unapata zaidi ya bei uliyolipa. Vingi vinatengenezwa nje ya Japani, unapakia mwenyewe, unafunga mwenyewe. Rafu yangu ilitoka huko, na mapazia. Wenye mshahara mzuri kidogo na macho ya kuchagua walikuwa wanapenda Muji, ambao walianza 1980 na bidhaa 40 tu, jina lenyewe maana yake ni vitu vizuri visivyo na chapa. (Leo chapa ndiyo hiyo.) Hata IKEA wa Sweden waliingia Japani 1974, 1986 wakafunga virago, wakarudi 2006 pale Funabashi, safari hii wakapanga maonyesho yao kwa vipimo vya vyumba vya Kijapani. Kama kampuni ile ilihitaji miaka 20 kurudi na futikamba, wewe uliyeanza na futikamba umewazidi.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na umri wa bibi yangu, na yeye alikuwa na kabati la droo la mti wa kiri alilokuja nalo kama bibi harusi. Zamani akizaliwa binti, baba anapanda mti huo, unakua haraka. Binti akichumbiwa unakatwa, unatengenezewa kabati. Ni mbao nyepesi ajabu, na kimono ndani yake hazishiki unyevu. Mji wa jirani, Kasukabe, ndio ustadi wao. Alinionyesha, nikamwambia kwetu kuna kitchen party, akina mama wanamchangia binti mpaka kijiko cha chumvi. Akacheka, akasema kwao hakuna tena, mjukuu wake ameolewa amebeba masanduku ya plastiki, maana fleti zina makabati ya ukutani na kabati la bibi halina pa kukaa.

Mwaka 2015 mwanamama huyo alikuwa ananiita kabisa nije kutazama taarifa ya habari. Kampuni ya samani ya Otsuka Kagu, iliyozaliwa Kasukabe 1969, baba mwanzilishi na binti yake walikuwa wanagombea usukani mbele ya wenye hisa. Baba alitaka desturi ya zamani: mteja anajiandikisha mlangoni, muuzaji anatembea naye, anaondoka na seti nzima ya nyumba. Binti akasema watu wa leo wanataka kuingia, kuchungulia, kununua kiti kimoja na kwenda zao. Binti alishinda kura, baba akaenda kufungua duka lake jingine hapo hapo Kasukabe. Bibi alimlilia baba, mimi kimoyomoyo nilikuwa na binti, maana pesa yangu ilikuwa ya kiti kimoja. Lakini ushindi haukuleta wateja: 2019 kampuni ilichukuliwa na Yamada, wauza vifaa vya umeme, na 2022 ikamezwa moja kwa moja. Wateja wa seti nzima walikuwa wanazeeka, na wa kiti kimoja walikuwa wameshazoea Nitori.

Na ipo sababu ya watu wa kule kuogopa vitu vikubwa ambayo wauzaji wa picha hawakwambii. Kukitupa kitu ni gharama! Manispaa za Tokyo, kitanda au kabati bovu unapiga simu kuomba siku, unanunua stika dukani kulingana na ukubwa, unaibandika, ndipo wanakuja kulichukua. Friji na mashine ya kufulia zina sheria yake peke yake tangu 2001. Huku Kimara nikitoa kiti kibovu nje baada ya adhuhuri, alasiri hakipo. Ongeza tetemeko. La Machi 2011 watu walikuwa bado wanalisimulia kama la jana, makabati marefu yalivyowaangukia. Ndiyo maana wengi wanapenda vitu vifupi, na virefu wanavikaza darini kwa vyuma.

Sasa godoro langu. Nilirudi nikiwa Mjapani kuliko Wajapani. 2018 nikamchorea fundi kitanda cha chini, urefu wa shubiri moja, chini nikamwambia aweke plaiwudi nzima isionekane nafasi. Kilipendeza, nikapiga picha. Ikaja masika. Mwishoni mwa Aprili naona chumba kina harufu ya kiatu kilicholowa, nikainua godoro: upande wa chini kuvu nyeusi, duara duara kama ramani. Inchi 8, jipya, limekwenda.

Aibu ilikuwa kwamba Koshigaya nilijua kabisa. Juni kuna mvua zao za msimu, unyevu kama wa Dar, na ukiacha futon juu ya sakafu siku tatu linaota kuvu. Ndiyo maana kukiwa na jua utaona magodoro yametundikwa kwenye vizuizi vya roshani mtaa mzima, na watu wananunua sunoko, vipande vya mbao vilivyoachiana nafasi, waweke chini ya futon. Sunoko ni nini? Ni chaga. Chaga hizi hizi za kitanda cha bibi yako. Mimi nilikwenda Japani nikarudi, nikaondoa chaga ili niwe na kitanda cha Kijapani.

Hicho cha laki sita na nusu kilichozibwa mpaka sakafuni, achana nacho.

Fundi Keko Magurumbasi

Dada hapo juu amemaliza, mimi naongeza ya karakana. MDF ikigusa sakafu, kila ukideki inakunywa maji. Miezi michache kingo zinavimba kama mkate. Picha hizo za mbao nyeupe wanaleta wateja kila wiki, na wengi wanataka rangi tu. Tumia paini ya Sao Hill iliyokauka vizuri na kutiwa dawa, piga msasa, paka vanishi isiyong'aa, utapata mwanga huo huo. Mninga ni mzuri ila ni mwekundu na bei yake utaniita mwizi. Chaga ziachiane inchi 2 au 3, katikati weka mkanda na mguu wa ziada, maana 5 kwa 6 watu wawili wakilala inanesa.

Na kitu kingine. Kuna mteja aliniletea video ya rafu ya Kijapani isiyopigwa msumari, nguzo mbili zinabanwa kwa springi kati ya sakafu na dari. Nikamtengenezea. Dari yake ni jipsamu. Ikatoboka.

Mama Tatu wa Kimara

Fundi umenichekesha! Kule nguzo zile ni za wapangaji, kwa sababu ukihama unatakiwa uache chumba kama ulivyokikuta, tundu la msumari linakatwa kwenye amana yako. Wanazibana mahali penye boriti juu. Huku mwenye nyumba wangu naye hataki misumari, ila yeye ananuna tu.

Segerea_Mpya

Dada na fundi, Mungu awabariki. Swali la mwisho: mchumba ananiambia mtindo huu unaitwa Japandi na ndio Wajapani wote wako nao sasa. Kweli?

Mama Tatu wa Kimara

Miaka yangu mitatu sikulisikia kwa jirani hata mmoja. Ni jina la kuchanganya Japani na Skandinavia, linapendwa zaidi na walio nje. Mwenzangu niliyesoma naye bado yuko Saitama, na maneno yake siku hizi ni bei. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama yeni 80, 2024 ilipita 160, na samani nyingi zinatoka nje, kwa hiyo hata duka la rahisi si rahisi kama zamani. Yeye meza na viti amenunua vya mtumba kwa simu, kwenye Mercari, soko la mtandaoni la tangu 2013 ambako mtu anamuuzia mtu. Na anaishi peke yake, kama walivyo wengi: sensa ya 2020 ilikuta kaya 38 katika kila 100 ni za mtu mmoja. Mtu wa namna hiyo ananunua kitanda cha mmoja, kiti kimoja, sufuria moja. Nyie mko wawili na wageni wa harusi wanakuja.

Mwambie wifi ua kwenye chungu ninaliunga mkono.

Segerea_Mpya

Nimekwenda Keko leo. Paini, 5 kwa 6, chaga wazi, miguu futi moja ili tupate kufagia uvunguni, laki nne na elfu ishirini. Mchumba alinuna mpaka Tazara, akachangamka nilipomwambia vanishi achague yeye. Kinatoka Ijumaa. Nani ana usafiri?

Mzee wa Kirikuu

Keko mpaka Segerea elfu thelathini na tano, chaga nakufungia bure. Na gari langu ni la Kijapani kweli kweli, lina miguu minne.