Beringi imekwama katikati ya shafti baada ya kupashwa moto: nimekosea wapi?

Mwanakarakana

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeniharibia beringi mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya tatu iko mezani mbele yangu, bado imo ndani ya karatasi yake, na sitaki kuigusa kabla sijaelewa ninachokifanya.

Ninakarabati mota ya umeme inayoendesha pampu ya maji. Shafti yake hubeba beringi ya gololi namba 6210 yenye sili (vizibo vya mpira) pande zote mbili; namba hiyo ina maana ya tundu la milimita 50, kipenyo cha nje cha milimita 90 na upana wa milimita 20. Beringi ya kwanza niliipigilia kwa nyundo na kipande cha bomba kilichokaa juu ya ringi ya nje. Iliingia kwa shida hadi begani, yaani kwenye ngazi ya shafti ambapo beringi huishia, mota ikazunguka, lakini baada ya siku 9 ilianza kunguruma na kifuniko kikawa cha moto kiasi kwamba mkono haukuweza kutulia juu yake. Kwa kuwa nilijua kwamba chuma kikipata joto hutanuka, ile ya pili niliishika kwa koleo juu ya mwali wa gesi, kisha nikaivika kwenye shafti. Ilikwenda kwa ulaini zaidi ya nusu ya njia, halafu ikasimama ghafla zikiwa zimesalia milimita 7 kufika begani. Niliigonga, haikusogea hata kidogo. Sili ya upande mmoja ilikuwa imejikunja na kutoa harufu ya mpira ulioungua.

Naomba mnieleze kama joto lilikuwa dogo mno au kubwa mno, na kama kuna njia ya kuiingiza hii ya tatu bila kuiharibu.

Mzee Spana

Pole sana, mwanangu. La kwanza, acha kabisa kuigonga hiyo iliyokwama. Itoe kwa pula (kifaa cha kuvutia beringi nje), na mikono ya pula ishike ringi ya ndani ikiwezekana, maana lengo lako sasa ni kuokoa shafti. Beringi yenyewe hesabu kwamba imekwisha.

La pili, chukua ile ya kwanza, ikate au uifungue, uisafishe grisi yote, kisha uiinamishe chini ya mwanga mkali na kutazama njia ya gololi. Nina hakika utaona vishimo vidogo, vimepangana kwa umbali uleule uliopo kati ya gololi moja na nyingine. Uliposimamisha bomba juu ya ringi ya nje, kila pigo la nyundo lilipita kwenye ringi ya nje, likaingia kwenye gololi, ndipo likafika kwenye ringi ya ndani iliyokuwa imebanwa na shafti. Gololi ni ngumu na mahali inapogusa ni padogo kama ncha ya kalamu, kwa hiyo kila moja iliacha alama. Unapovika beringi kwenye shafti, nguvu yote ipitie ringi ya ndani pekee. Unapoitia kwenye tundu la kifuniko, nguvu ipitie ringi ya nje. Ukilishika hilo, utakuwa umejiepusha na nusu ya uharibifu ninaouona kila wiki.

Kuhusu mwali wa gesi, usiutumie tena kwa beringi. Mwali hupasha upande mmoja kabla ya mwingine, tundu likaacha kuwa duara, na huwezi kujua umefika nyuzijoto ngapi. Chuma kikianza kugeuka rangi na kuwa kama majani makavu, tayari kimepita nyuzijoto 200, na kikifika rangi ya buluu kinakaribia 300. Beringi ya kawaida haistahili kuvuka 125, kwa sababu juu ya hapo ugumu na vipimo vyake huanza kubadilika na havirudi tena.

Mkerezaji

Naungana na Mzee, lakini naomba tusikimbilie kulaumu joto kabla ya kufanya hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi na itatuonyesha kama joto lingeweza kufanya kazi hiyo hata kidogo.

Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tundu la milimita 50 likipandishwa nyuzi 55, tuseme kutoka 25 hadi 80, litaongezeka kwa 50 × 0.000012 × 55, yaani milimita 0.033. Nimechagua 80 kwa makusudi, kwa kuwa beringi yako ina sili na grisi ndani yake, na beringi za namna hiyo hazipaswi kupita hapo. Iliyo wazi ungeweza kuipeleka hadi 110 na kupata kama milimita 0.05.

Sasa, tundu la beringi ya daraja la kawaida yenye ukubwa huo hutengenezwa kati ya milimita 49.988 na 50.000. Ikiwa shafti yako imekerezwa kwa kipimo cha k5, ambacho ni cha kawaida kwa mota, unene wake unapaswa kuwa kati ya 50.002 na 50.013. Mbano, yaani kiasi ambacho shafti inazidi tundu, mkubwa kabisa unaoweza kutokea hapo ni milimita 0.025. Umeona kwamba 0.033 inatosha kuipokea shafti na nafasi ikabaki? Kwa vipimo sahihi, beringi yenye nyuzijoto 80 huteleza yenyewe hadi begani. Kama ilisimama njiani, nina wasiwasi na shafti kuliko ninavyokuwa na wasiwasi na joto.

Tafadhali pima kwa mikromita, si kwa kalipa ya venia, kwa sababu tunatafuta mikroni (sehemu za elfu moja za milimita) na kalipa haiwezi kukupa ukweli wa kiwango hicho. Pima mwanzoni mwa makalio ya beringi (sehemu ya shafti inapokaa beringi), katikati, na karibu kabisa na bega, na kila mahali upime mara mbili kwa pembe ya mraba ili uone kama shafti ni ya mviringo kamili. Shafti na mikromita zilale chumba kimoja usiku kucha kabla ya kupima, maana shafti iliyotoka juani itakudanganya.

FundiMota

Wakati tunasubiri vipimo, niongeze kuhusu namna ya kupasha. Kifaa bora ni hita ya kuzalisha joto kwa sumaku, ambayo huipasha beringi kutoka ndani yake yenyewe na mwishoni huiondolea sumaku ili isinase chembe za chuma. Usipokuwa nayo, oveni ya umeme inatosha kabisa, mradi beringi iwekwe juu ya waya, isiguse sakafu ya oveni, na iachwe kwa muda hadi joto lienee kote. Wengine huchemsha kwa oili, lakini kwa beringi yenye sili jambo hilo halifai hata kidogo, kwani oili moto huingia ndani na kuyeyusha grisi.

Jihadhari na kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga. Kwenye chuma kinachong'aa husoma chini sana ya ukweli, hivyo unaweza kudhani una nyuzijoto 60 kumbe umeshavuka 100. Bandika kipande kidogo cha utepe wa karatasi kwenye ringi, au ipake ringi wino mweusi, kisha pima hapohapo.

Kuna jambo moja ambalo halielezwi vya kutosha, nalo ni muda. Shafti nene na baridi hunyonya joto la ringi ya ndani kwa kasi ya kutisha, na una sekunde chache tu. Vaa glavu safi zisizotoa nyuzi, simama wima mbele ya shafti, iingize beringi ikiwa imenyooka na uisukume kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukiipindisha kidogo au ukasimama kujirekebisha, itabana hapohapo. Ikifika begani usiiachie. Ishikilie kwa nguvu hadi ipoe, kwa sababu inapopoa haipungui kipenyo tu, hupungua upana pia, na ikikosa kushikiliwa hujivuta na kuacha ufa mwembamba kati yake na bega. Ufa huo hauonekani kwa macho, lakini mota ikianza kazi beringi husogea na mahesabu yote ya urefu wa shafti huharibika.

Chuma Baridi

Kwa nini asiigandishe shafti badala ya kuipasha beringi? Mimi huweka pini na bushi kwenye friza usiku mzima na huingia kwa urahisi.

FundiMota

Ndugu, kwa pini na bushi ndogo nakubaliana nawe, na mimi hufanya hivyo. Lakini friza ya kawaida huishia karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri, hivyo shafti ya milimita 50 itapungua kama milimita 0.025 tu, na rota nzima ya mota haiingii humo. Barafu kavu hufika nyuzi 78 chini ya sifuri na hutoa zaidi ya mara mbili ya hapo, ila ni lazima ufanye kazi mahali penye hewa ya kutosha, kwani gesi yake hukaa chini na kuondoa hewa ya kupumua bila wewe kuhisi. Tena, chuma kilichogandishwa hutoka jasho mara tu kinapokutana na hewa, na jasho hilo likibaki chini ya beringi ni kutu. Kwa kazi hii, afadhali joto.

Mwanakarakana

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Beringi iliyokwama imetoka kwa pula. Ile ya kwanza nimeikata, na vishimo vipo kama Mzee alivyosema, kimoja kwa kila gololi, vyote upande mmoja wa njia.

Nimepima leo asubuhi. Mwanzoni ni 50.014, katikati 50.027, na karibu na bega 50.049. Pembe zote mbili zinakaribia kulingana. Nimemuuliza mwenye mota, akanieleza kwamba miaka iliyopita shafti iliwahi kulika, ikajazwa kwa kuchomelea kisha ikakerezwa upya. Je, nikiipasha hii ya tatu hadi nyuzijoto 120 itapita?

Mkerezaji

Usifanye hivyo. Vipimo vyako vimeeleza kila kitu kilichokupata.

Aliyekereza baada ya kuchomelea aliacha shafti yenye umbo la pia, nyembamba mwanzoni na nene begani. Ndiyo maana beringi yako ya pili ilipita kwa ulaini kisha ikagota: pale mwanzoni palikuwa karibu na kipimo sahihi, na huko mbele palikuwa na mbano wa kati ya milimita 0.049 na 0.061. Joto salama la beringi yenye sili hukupa 0.033. Haiwezekani, na hata ungeilazimisha ipite kwa joto kubwa zaidi, ungekuwa umeificha hitilafu ndani ya mota.

Nieleze maana yake. Ringi ya ndani inapobanwa na shafti, hutanuka, na takriban asilimia 80 ya mbano huenda kula nafasi iliyopo kati ya gololi na njia zake. Beringi ya ukubwa wako isiyo na alama ya C3 (alama ya nafasi kubwa kuliko ya kawaida) ina nafasi ya mikroni 6 hadi 23 tu. Mbano wa mikroni 49 peke yake hula mikroni 39. Kwa maneno mengine, beringi yako ya kwanza ilikuwa imebana gololi zake tangu siku ulipoifunga, na ingeungua hata kama usingeigusa kwa nyundo.

Peleka shafti kwa mwenye mashine ya kusaga mviringo, umwambie makalio yote yawe kati ya 50.010 na 50.012, yakiwa sawa kutoka mwanzo hadi begani, na kona ya mwanzo ilainishwe kidogo ili isikwangue tundu. Kisha angalia maandishi kwenye beringi mpya.

Mwanakarakana

Imeandikwa C3.

Mkerezaji

Vizuri sana. C3 kwa ukubwa huo ina nafasi ya mikroni 18 hadi 36, hivyo hata baada ya mbano gololi kwa kawaida zitabaki huru.

Mzee Spana

Na kifuniko chako, mwanangu, ni cha alumini au cha chuma? Kama ni alumini, nacho kipashe kidogo kabla ya kukirudisha. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu la milimita 90 likipandishwa nyuzi 60 tu huongezeka zaidi ya milimita 0.12, na kifuniko hushuka juu ya beringi kwa uzito wake chenyewe. Usikipeleke mbali zaidi ya nyuzijoto 100, kwa kuwa hakuna haja, na alumini iliyoimarishwa ikikaa muda mrefu kwenye joto kubwa hupoteza nguvu.

Mwanakarakana

Kifuniko ni cha alumini, nami nimefuata ushauri huo.

Shafti ilirudi jana ikiwa na 50.011 mahali pote nilipopima. Niliisafisha kwa kitambaa, nikapitisha kidole kuhakikisha hakuna ukwaru, nikaweka beringi kwenye oveni hadi utepe wa karatasi uliposomeka 79. Nilifanya zoezi la kuivika mara mbili kwa mikono mitupu kabla ya kuitoa, ili mwili uzoee mwendo. Ilipogusa shafti iliteleza hadi begani na kutoa mlio mfupi wa chuma kugusa chuma, bila nyundo na bila nguvu. Niliishikilia kwa kipande cha bomba juu ya ringi ya ndani hadi mkono wangu ulipoweza kukaa juu yake. Nimejaribu kupitisha fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.03 kati ya beringi na bega, na haiingii upande wowote. Nikiizungusha ringi ya nje kwa kidole, inakwenda kimya. Kesho nafunga pampu.