AC ya miaka 13 imechoka: nitengeneze au ninunue mpya?

Mlinzi wa Zamu: Wakuu, habari. AC ya chumbani haitoi baridi. Fundi amekuja, kasema gesi imeisha na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imezeeka, na anataka karibu nusu ya bei ya mpya. Miezi minane iliyopita alijaza gesi hiyohiyo. Chumba hicho analala mama yangu, anaumwa na joto linamtesa. Nisaidieni.

Fundi Baridi: Pole kwa mama. Lakini mkuu, hapa bado hatuna la kukushauri. BTU ngapi, yaani nguvu yake ya kupoza? Gesi aina gani? Kompresa inawaka, au inaunguruma kidogo kisha inakata? Ikiwa inaunguruma na kukata, huenda ni kapasita tu, kifaa cha bei ndogo kinachoisaidia kompresa kuwaka. Soma kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje. Na hilo la "gesi imeisha" usilimeze. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari, inazunguka humohumo kwenye mabomba. Ikipungua, kuna pahala panavuja. Aliyejaza bila kutafuta tundu amekuuzia miezi minane.

Nadra: Miaka 13 imetosha, achana nayo. Chukua inveta. Zile za zamani kompresa inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena. Inveta inapunguza mwendo chumba kikishapoa. Mimi bili yangu imeshuka na usingizi umerudi, maana ule mshtuko wa kuwaka usiku haupo.

Mti Mkavu: Dada Nadra, mpya si dawa ya kila kitu. Mimi nilinunua inveta nzuri kabisa. Aliyekuja kufunga alikuta mabomba ya shaba ya mashine ya zamani ukutani, akasema yanafaa, akaunga. Hakuwa na pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba. Alifungua valvu kidogo, akaacha gesi isukume hewa itoke, akakaza nati, akaondoka. Dakika ishirini kazi imekwisha, nami nikamsifu kwa wepesi! Mwezi wa tano barafu ikaanza kuganda kwenye bomba jembamba. Wa tisa kompresa ikaanza kupiga kelele. Mwaka haujatimia ikafa. Fundi wa pili alipoifungua, mafuta yalikuwa meusi, akasema unyevu ulibaki ndani ukatengeneza asidi. Dai la waranti likakataliwa kwa sababu ya ufungaji. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mashine, chagua mkono utakaoifunga.

Mlinzi wa Zamu: Nimesoma kibandiko. R-22, BTU 18,000. Kompresa inawaka na haikati. Chumba ni mita 3 kwa 3 na nusu.

Kaskazi: R-22? Mwambie akuwekee R-410A, ndiyo iliyojaa sokoni.

Fundi Baridi: Kaskazi, usimwambie mtu hivyo. R-410A ina mgandamizo unaozidi wa R-22 kwa zaidi ya nusu, na mafuta ya kompresa ya R-22 hayapatani nayo. Utapasua mashine au umuumize fundi.

Kaskazi: Sawa, nimekosea. Lakini R-22 yenyewe si inaondolewa?

Fundi Baridi: Ndiyo, inakula ozoni, iko chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa mataifa wa kulinda ozoni. Marekani ilifunga uzalishaji na uingizaji mpya 2020, nchi zinazoendelea mwisho wao ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Itazidi kuwa adimu.

Nadra: Ndiyo nilichosema. Anunue yenye gesi ya R-32.

Kaskazi: R-32 si inashika moto?

Fundi Baridi: Kwa shida sana, ila inaweza. Inataka fundi aliyeisomea, na asichomelee bomba likiwa na gesi.

Mti Mkavu: Mbona hamzungumzii ukubwa? BTU 18,000 kwa chumba hicho ni nyingi mno. Inapoza upesi, inazima kabla haijakausha unyevu, mgonjwa anabaki na ubaridi wa majimaji. BTU 9,000 inatosha, labda 12,000 kama jua la jioni linapiga ukuta. Na hapo hata bei ya mpya inashuka.

Mlinzi wa Zamu: Hilo la majimaji ni kweli kabisa, mama hulalamika shuka zina unyevu. Hesabu yangu yote nilipiga kwa bei ya 18,000. Kesho anakuja fundi mwingine. Nimemwomba apake povu la sabuni kwenye maungio kwanza. Tundu likiwa kwenye nati, nitakaza na kujaza ili mama avuke kipindi hiki cha joto. Likiwa ndani ya koili, yale mabomba yaliyojikunja ndani ya mashine, sijui.

Fundi Baridi: Tazama pia madoa ya mafuta. Gesi inapotokea, mafuta hutoka nayo.

Bint Saidi: Samahani kuingilia, yangu inapoza vizuri ila inadondosha maji ukutani. Nayo ni gesi?

Mti Mkavu: Hapana, anza na bomba la kutolea maji, mara nyingi huziba utelezi. Chujio uliosha lini?

Bint Saidi: Kuna chujio?