Pampu ya umeme kwenye injini ya kabureta, presha niweke ngapi?

Mwana_Ipuli: Wakuu habari za jioni, niko Tabora, nina Hilux pikapu injini 2Y ya kabureta. Ile pampu ya mafuta ya kwenye injini daiframu (utando wake wa ndani) ilichanika, spea mjini nikakosa, fundi akanifungia pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari ya EFI (ile isiyo na kabureta, mafuta yanapulizwa kwa presha kubwa). Sasa inawaka ila moshi mweusi, plagi zinalowa, na ukitoa eya klina unaona petroli inachuruzika yenyewe kwenye koo la kabureta hata ikiwa sailensi (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta). Fundi anataka acheze na skrubu za kabureta, mimi nahisi ni presha. Iwe ngapi jamani?

fundi_Ujiji: Mkuu umehisi sawa kabisa, kabureta msiiguse. Pampu ya EFI inasukuma psi (kipimo cha presha) 40 na kitu, kabureta yako inataka 3 mpaka 4 basi, mle ndani mafuta yanazuiwa na kasindano kanakobanwa na floti (boya dogo linaloelea kwenye petroli), kwa presha hiyo hakawezi kufunga. Toa hiyo, tafuta pampu ya umeme ya kabureta, na bado weka regulata (kifaa cha kupunguza presha) ya presha ndogo maana zingine zinatoa mpaka 7, na regulata ya EFI usiuziwe, haishuki huko chini. Kuseti: geji ikae kati ya regulata na kabureta, gari ikiwa sailensi anza na 2, panda nusu nusu mpaka 3 halafu nenda nayo barabarani na mzigo, ikianza kukata mafuta kwenye mwinuko ongeza kidogo, 4 usipite. Kama kwa 3 bado inafurika basi sindano imelika au ina uchafu.

Dereva_Kasulu: Naongezea, pampu ifungwe nyuma karibu na tanki, chini kabisa, hizi zinajua kusukuma sio kuvuta, filta itangulie kabla yake. Na umeme wake upitie swichi ya presha ya oili, injini ikizima na pampu ikate, maana paipu ikichomoka huku pampu inasukuma tu, gari inaungua hiyo.

Mwana_Ipuli: Asanteni sana. Nimechomoa dipstiki, oili imepita alama ya juu na inanuka petroli??

fundi_Ujiji: Usiwashe tena kaka, hata kuisogeza gereji ivutwe. Petroli imepita kwenye ringi za pistoni ikashukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili imekuwa maji, itakula beringi. Mwaga yote, badilisha na filta yake, ila baada ya kumaliza presha kwanza.