Ushauri wakuu: nitajuaje fildi (nusu ya mistari ya picha) ni ya witiri au ya shufwa nikibadilisha kamera?

Mchora_Maandishi: Wakuu, nimekwama. Kamera kadhaa za PAL (mfumo wa video ya analogi) zinapita kwenye swichi moja, maikrokontrola inachora maandishi juu ya picha. Nikibadilisha kamera, mara nyingine maandishi yanapandana, herufi zinakatika meno. Nitaitambuaje fildi mapema?

Solda_Moto: Weka LM1881, chipu inayotenganisha sinki (ishara za kupanga muda wa picha), mguu wa 7 unakujibu. Fildi moja sinki ya wima (ishara ya kuanza fildi) huanza mwanzo wa mstari, nyingine katikati, yaani tofauti ya mikrosekunde 32. Mimi niliwahi kuhamisha mkanda wa zamani, fildi zikapishana zamu. Kila aliyetembea akawa anatetemeka, nikarudia mkanda mzima!

Nusu_Mstari: Kamera zina sinki moja? Na programu inapima fildi, au inahesabu zamu tu?

Mchora_Maandishi: LM1881 ninayo.

Nusu_Mstari: Sijauliza hilo.

Mchora_Maandishi: Kila kamera inajiendesha. Programu inahesabu zamu: witiri, shufwa, witiri. Ila bodi nimeshaagiza, kamera za jenloki (zinazofuata sinki moja) sitafuti tena.

Mzee_wa_Waya: Vijana mnanunua kwanza, ushauri baadaye. Mchoro hutangulia.

Mchora_Maandishi: Mchoro upo, mzee. Nilijaribu pia kusoma mguu wa 7. Kuna kamera moja haubadiliki kabisa.

Shuku_Kwanza: Hii umetunga. PAL ni mistari 625, kila fildi 312 na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayogeuza zamu mara 50 kwa sekunde. Kama kifaa kipo, leta muda kati ya sinki mbili za wima.

Mchora_Maandishi: Osiloskopu inasema milisekunde 19.968. Kamera nyingine 20.000.

Nusu_Mstari: Hajatunga. Gawa 19.968 kwa mikrosekunde 64: mistari 312 kamili, nusu haipo. Kamera hiyo inarudia fildi ileile, haina cha kupokezana. Acha kuhesabu zamu, soma mguu wa 7 kila fildi. Ukibadilisha kamera, sinki ya wima ya kwanza usiiamini, huenda umeikata katikati; subiri inayofuata. Jibu likijirudia fildi mbili mfululizo, chora mistari yote ya herufi kila fildi.

Shuku_Kwanza: Nafuta neno langu. Weka picha ya mawimbi hayo, tuyaone.

Mzee_wa_Waya: Na jenloki je?

Mchora_Maandishi: Hapana, mzee. Bodi nabaki nayo. Naandika programu upya, picha naweka usiku.