Naomba ushauri: je, sura ya nyanya yangu iingie katika kitabu cha ukoo?

Mwandishi wa Ukoo: Wanajamvi, ninaandika kitabu kidogo cha ukoo wetu wa Meru, Kenya, nami nimekwama kwenye sura ya nyanya. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, lilipopiga marufuku ukeketaji mwaka 1956, yeye na wasichana wenzake walinunua wembe dukani wakakeketana wenyewe, na mwaka uliofuata kesi ikafika mahakamani. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Sura hiyo niiweke au niiache?

Mzee wa Nkubu: Mjukuu wangu, anzia nyuma zaidi. Miaka mingi kabla ya marufuku hiyo, maofisa wa Kiingereza walihofu kwamba wasichana wasiotahiriwa waliopata mimba walikuwa wakizitoa na hivyo kuwapunguza Wameru, wakashinikiza tohara ifanywe kabla ya kubalehe. Serikali iliyouharakisha wembe ndiyo iliyokuja kuunga mkono kuukataza.

Muuguzi Mstaafu: Umenikumbusha mama yangu, aliyeficha vidonge vya kupanga uzazi ndani ya debe la unga kwa sababu baba aliamini kuwa ni hila ya Mzungu ya kutumaliza. Baba alipovigundua alisusa ugali wiki nzima.

Binti Ntima: Nyanya mwenyewe anasemaje?

Mwandishi wa Ukoo: Yu hai, ila sijamuuliza, habari hizi alimsimulia mama. Nusu ya gharama za uchapaji nimekwisha kulipa. Isitoshe, kati ya mwaka 1956 na 1959 walishtakiwa watu zaidi ya 2,400, kwa hiyo sioni aibu ya mtu mmoja hapo.

Mdadisi: Mniwie radhi, lakini wembe wa dukani, jina la Ngaitana na hao 2,400 vyote viko vitabuni. Una nini ambacho hukukisoma? Nashuku nyanya huyu ametungwa.

Mwandishi wa Ukoo: Ninayo stakabadhi ya faini, iliyokunjwa ndani ya Biblia yake. Imeandikwa jina la baba yake, ambaye alikuwa mzee wa baraza lilelile.

Mzee wa Nkubu: Kumbe! Alitozwa faini kwa amri aliyoipitisha mwenyewe, nawe ukatuficha hilo tangu mwanzo?

Binti Ntima: Basi wa kuulizwa si sisi.

Mwandishi wa Ukoo: Nitakwenda kwake Jumamosi. Mchapaji nimemwomba asubiri, ingawa sura yenyewe siiondoi.